MSHIPA UNAOUBANA MSHIPA: Neva za uso na meno, na namna ya kuzitaja kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa uganga katika vyuo vikuu vya Kongo hujifunza anatomia kwa Kifaransa. Lakini mgonjwa atakayemjia huko Lubumbashi, Kalemie, Bukavu au Kindu mara nyingi ataeleza maumivu yake kwa Kiswahili, naye hatatumia neno neva. Atasema mshipa. Atasema kwamba mshipa wa jino unamvuta hadi sikioni. Au kwamba mshipa wa uso umekufa. Au ataomba asing'olewe jino la juu kwa kuwa mshipa wake unakwenda jichoni. Kauli hizi tatu zina neno moja, bali maana zake haziko pamoja. Ya kwanza ina ukweli mkubwa wa kianatomia. Ya pili yaweza kutaja maradhi mawili yaliyo mbali sana. Ya tatu yaweza kumfanya mtu abaki na jino bovu kinywani mpaka usaha utokeze shavuni.

Makala haya yanakusudia kueleza neva zinazohudumia uso na meno: zinatoka wapi, zinapita wapi, na kila moja ina kazi gani. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba mahali maumivu yanaposikika si lazima pawe mahali ugonjwa ulipo, na kwamba jambo hilo haliwezi kuelezwa vema kwa mgonjwa ikiwa neva, ateri, vena na kano zote zinaitwa kwa jina moja. Suala la istilahi, ambalo katika taaluma za lugha huonekana mara nyingi kuwa la wanakamusi peke yao, hapa linagusa jino la mtu, na pengine jicho lake.

2. Neno "mshipa" na majirani wake

Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 kwa jina la Frederick Johnson yaonyesha tayari upana wa neno hili: mshipa ni njia ya damu, ni neva, na hutajwa pia katika maradhi kama ngiri. Katika mazungumzo ya kila siku hata kano, yaani kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa, huitwa mshipa. Upana huo si kasoro ya Kiswahili. Lugha nyingi zilianza hivyo hivyo: katika Kigiriki cha kale neno neuron lilitaja kano kabla ya kutaja neva, nao waganga wa kale walihitaji muda mrefu kuzitenga.

Katika maandishi ya Kiswahili ya afya, njia mbili zimetumika kuondoa utata. Ya kwanza ni kuongeza kivumishi au jina: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu. Ya pili ni kukopa: ateri kwa njia inayotoa damu moyoni, vena kwa njia inayoirudisha, na neva kwa uzi unaopeleka habari baina ya ubongo na mwili. Usemi "mshipa wa fahamu" una uzuri wake, kwa kuwa unaeleweka papo hapo. Hata hivyo una upungufu mmoja ambao uso unauonyesha wazi kuliko kiungo kingine chochote. Fahamu ni kuhisi na kutambua. Lakini ziko neva ambazo kazi yake kubwa ni kuamrisha misuli isogee. Mtu akizoea kwamba kila neva ni ya fahamu, atadhani kwamba uso uliopooza ni uso usiohisi, na huko ndiko kosa lianziapo. Kwa sababu hiyo neno neva litatumika katika makala haya, na mshipa utaachwa kwa yale yanayosemwa na wagonjwa.

3. Neva ya tano na matawi yake matatu

Kutoka katika ubongo hutokea jozi 12 za neva za kichwa. Hesabu hiyo, inayofuatwa hata leo, ilipangwa na Samuel Thomas Soemmerring mwaka 1778. Jozi ya tano ndiyo iliyo nene kuliko zote zinazokwenda usoni. Kwa Kifaransa huitwa "trijumeau", neno lenye maana ya mapacha watatu, kwa kuwa neva hii huzaa matawi matatu. Kiswahili chaweza kuiita neva ya tano au neva ya mapacha watatu bila kupoteza kitu.

Neva ya tano hutoka ubavuni mwa shina la ubongo, ikasogea mbele kidogo, kisha ikavimba na kufanya fundo lenye umbo la mwezi mchanga. Ndani ya fundo hilo ndimo zilimo chembe za neva zinazopokea habari za kugusa, za joto, za baridi na za maumivu kutoka uso mzima wa upande huo. Fundo hilo lina jina la Johann Lorenz Gasser, mwalimu wa anatomia wa Vienna. Aliyelipa jina hilo mwaka 1765 alikuwa mwanafunzi wake, Hirsch, kwa heshima ya mwalimu.

Mbele ya fundo, matawi matatu huachana, na kila moja hutoka nje ya fuvu kwa mlango wake:

(a) Tawi la jicho hupita katika ufa ulio nyuma ya tundu la jicho. Huhudumia paji la uso, ukope wa juu, mgongo wa pua hadi nchani, na kioo cha mbele cha jicho kwa upande wa kuhisi. Inafaa isisitizwe kwamba tawi hili halioni. Kuona ni kazi ya neva ya pili, ambayo ni nyingine kabisa.

(b) Tawi la taya la juu hupita katika tundu la mviringo. Huhudumia ukope wa chini, shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu, kaakaa, na meno yote ya juu.

(c) Tawi la taya la chini hupita katika tundu lenye umbo la yai. Huhudumia mdomo wa chini, kidevu, ngozi ya mbele ya sikio na ya panja, theluthi mbili za mbele za ulimi kwa upande wa kugusa na maumivu, na meno yote ya chini. Ndilo tawi pekee kati ya matatu lililo na nyuzi za kusogeza: huamrisha misuli ya kutafuna.

Mipaka hiyo ni mikali. Neva ya kulia haivuki mstari wa katikati ya uso kwenda kushoto ila kidogo sana karibu na mstari wenyewe. Na ngozi ya pembe ya taya, chini ya sikio, haimo katika himaya ya neva ya tano. Hiyo huhudumiwa na neva za shingo. Mgonjwa anayesema kwamba ganzi yake imefunika nusu ya uso pamoja na pembe ya taya anatoa habari ambayo mganga mwangalifu hawezi kuipuuza.

4. Meno ya juu na hofu ya jicho

Tawi la taya la juu halifikii meno kwa uzi mmoja. Magego hupata nyuzi zinazoingia kwa nyuma ya mfupa. Magego madogo, yaliyo kati ya chonge na magego makubwa, mara nyingi hupata nyuzi za katikati, ingawa nyuzi hizo hazipatikani kwa watu wote. Chonge na meno ya mbele hupata nyuzi zinazoshuka kutoka chini ya tundu la jicho. Nyuzi hizi zote hupita ndani ya kuta za uwazi mkubwa ulio katika mfupa wa taya la juu, kisha hufanya wavu juu ya mizizi ya meno. Ndiyo sababu uwazi huo ukijaa kamasi na kuvimba, mtu husikia magego kadhaa ya juu yakiuma kwa pamoja, hasa anapoinama, hali meno yenyewe ni mazima.

Mfupa wa nje wa taya la juu ni mwembamba na wenye vitundu vingi vidogo. Kwa hiyo dawa ya ganzi ikichomwa katika ufizi karibu na ncha ya mzizi, hupenya mfupa na kuzifikia nyuzi bila shida kubwa. Upande wa kaakaa huhitaji sindano yake, kwa maana ufizi wa ndani una neva nyingine.

Hapa ndipo inapofaa kutazamwa ile hofu kwamba kung'oa chonge la juu hupofusha. Hofu hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Mzizi wa chonge ni mrefu kuliko mizizi yote, nao hupanda ubavuni mwa pua kuelekea jichoni. Jino hilo likioza na kufanya usaha, ukope wa chini huvimba hata jicho likafumba. Aonaye hayo husema kwamba jino na jicho vimeshikwa na mshipa mmoja. Kwa upande wa neva, jambo hilo si kweli: nyuzi za chonge ni za tawi la pili, kuhisi kwa jicho ni kwa tawi la kwanza, na kuona ni kwa neva ya pili. Kuzikata nyuzi za jino hakugusi kuona.

Lakini kuna mshipa mwingine ambao kweli unakwenda huko, nao ni vena. Vena za uso huungana na vena za jicho kwenye kona ya jicho karibu na pua, na hizo hufika hadi kwenye hodhi la damu lililo chini ya ubongo. Usaha ulioachwa bila tiba katika eneo la mdomo wa juu na pua waweza, kwa nadra, kupeleka vijidudu kwa njia hiyo, na matokeo yake ni ya hatari kwa jicho na kwa maisha. Basi hatari iko katika kuliacha jino bovu. Kulitoa au kulitibu ndiko kunakoizuia. Mganga anayemwambia mgonjwa tu kwamba "mshipa huo hauendi jichoni" amesema nusu ya kweli, na mgonjwa aliyewahi kuona jicho likivimba hatamwamini. Anayesema kwamba neva haiendi lakini vena yaenda, na kwamba ndiyo maana jino lisiachwe, amesema kweli yote.

5. Meno ya chini

Taya la chini lina mpango mwingine. Neva moja nene, iliyo tawi la tawi la tatu, huteremka kwa ndani ya bawa la taya, ikaingia katika tundu lililo katikati ya bawa hilo, na kuanzia hapo husafiri ndani ya mfereji wa mfupa chini ya mizizi ya magego. Njiani hutoa nyuzi kwa kila jino. Ifikapo chini ya magego madogo hugawanyika: sehemu moja huendelea ndani ya mfupa hadi meno ya mbele, na nyingine hutoka nje kwa kitundu cha kidevu ili kuhudumia ngozi ya kidevu na mdomo wa chini.

Mfupa wa nje penye magego ya chini ni mnene, na dawa iliyochomwa kando ya jino huchelewa au hushindwa kupenya. Kwa hiyo mganga wa meno hutafuta neva kabla haijaingia mferejini, nyuma kabisa ya kinywa. Njia hiyo ina historia fupi. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokaini hufisha ganzi jicho. Kabla ya mwaka 1885 kwisha, William Halsted na wenzake huko New York walikuwa wameichoma dawa hiyo kwenye neva ya taya la chini na kupata ganzi ya meno. Kokaini iliachwa kwa hatari zake. Prokaini ya Alfred Einhorn ikafuata mwanzoni mwa karne ya 20, na lidokaini, iliyotengenezwa na Nils Löfgren huko Uswidi mwaka 1943, ingali inatumika.

Mgonjwa hushangaa kwamba sindano imechomwa nyuma ya kinywa, gego ndilo linalotibiwa, lakini mdomo na kidevu ndivyo vinavyokufa ganzi. Anatomia iliyoelezwa juu ndiyo jibu: mdomo uko mwisho wa njia ileile. Mganga huitumia ganzi ya mdomo kama dalili kwamba dawa imefika. Nusu ya ulimi nayo hufa ganzi, kwa sababu neva ya ulimi hupita jirani, mbele kidogo ya ile ya meno. Neva hiyo ya ulimi iko karibu sana na ufizi wa ndani wa gego la mwisho, nayo neva ya meno yaweza kugusana na mizizi ya gego hilo. Hivyo kuling'oa gego la mwisho la chini kunahitaji picha ya eksirei na mkono wa mtu aliyefundishwa. Neva ikijeruhiwa, mdomo au ulimi waweza kubaki na ganzi kwa miezi, na wakati mwingine daima.

6. Neva ya saba: uso unaosogea

Neva ya tano huhisi uso. Neva ya saba huusogeza. Hii hutoka katika fuvu kwa kitundu kilicho nyuma ya sikio, huingia ndani ya tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, na humo hutandaza matawi matano kama vidole: kwenye panja na paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na macho, kwenye shavu, kwenye ukingo wa taya, na kwenye shingo. Kukunja paji la uso, kufumba macho, kutabasamu na kupiga mluzi ni kazi zake. Hubeba pia ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, kwa uzi mwembamba unaojiunga na neva ya ulimi njiani. Hivyo ulimi wa mbele hupata maumivu kwa neva ya tano na ladha kwa neva ya saba, na nyuzi hizo husafiri pamoja katika kamba moja.

Wanaanatomia wenyewe walichanganyikiwa hapo. Charles Bell, aliyefanya kazi London, alitoa mwaka 1821 maelezo ya majaribio yake ya kuzikata neva za uso wa punda. Alitenganisha kazi za neva hizo mbili, lakini alikosea katika sehemu ya hukumu yake, akidhani kwamba tawi la taya la juu husogeza midomo wakati wa kula. Herbert Mayo alimsahihisha mwaka 1822: punda aliyekatwa tawi hilo alishindwa kuokota chakula kwa kuwa midomo yake haikukihisi, si kwa kuwa ilipooza. Ikiwa mtaalamu mwenye kisu mkononi alikosea, haishangazi kwamba usemi "mshipa wa uso umekufa" huchanganya mambo mawili.

Kwa hiyo anayeusikia usemi huo na aulize: je, uso hauhisi, au hausogei? Na ikiwa hausogei, je, paji la uso linaweza kukunjwa? Swali hili la mwisho ni la thamani kubwa. Neva ya saba ikiharibika yenyewe, kama katika ugonjwa wenye jina la Bell, nusu nzima ya uso hulegea pamoja na paji, na jicho halifumbi. Lakini ubongo ukiharibika kwa kiharusi, kwa kawaida paji la uso huendelea kukunjika, kwa kuwa misuli yake hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo; kinachopinda ni mdomo. Mgonjwa wa kiharusi apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mgonjwa wa neva ya saba naye atibiwe mapema, na jicho lake lilindwe lisikauke.

Neva hizi mbili hukutana hata kwenye kiti cha mganga wa meno. Sindano ya taya la chini ikisogea mno kwa nyuma, dawa huingia katika tezi ya mate na kuifikia neva ya saba. Mgonjwa huinuka na nusu ya uso imelegea, naye hudhani kwamba amepooza. Hali hiyo hupita pamoja na dawa, kwa muda wa saa chache. La kufanya ni kulifunika jicho na kumweleza.

7. Kwa nini jino hudanganya

Ndani ya jino mna kiini chenye neva na mishipa ya damu. Nyuzi za kiini husema karibu neno moja tu, maumivu, nazo hazijui kueleza mahali. Nje ya mzizi kuna utando unaolishikilia jino katika mfupa. Nyuzi za utando huo hutambua mgandamizo na mahali pake kwa usahihi mkubwa. Kwa hiyo, ugonjwa ungali ndani ya kiini, mgonjwa huonyesha jino la jirani, au la taya lingine upande uleule. Ugonjwa ukishavuka ncha ya mzizi na kuugusa utando, huweka kidole juu ya jino lenyewe na kusema, "hili".

Sababu ya pili iko katika shina la ubongo. Nyuzi za maumivu kutoka meno, sikio, panja na mataya yote mawili hukutana kwenye chembe zilezile, na ubongo hauwezi daima kutambua ni nani aliyebisha hodi. Ndiyo maana gego la chini huuma sikioni: uzi unaohudumia mbele ya sikio nao ni wa tawi la tatu. Yule aliyesema kwamba mshipa wa jino unamvuta hadi sikioni alikuwa amesema sawa. Hata moyo waweza kuuma tayani. Maumivu ya taya la chini yanayokuja mtu apandapo mlima na kuondoka apumzikapo hayatafutiwi jino, hutafutiwa moyo.

Kutokana na hayo, kidole cha mgonjwa ni ushahidi unaohitaji kuthibitishwa. Mganga hugonga meno moja moja, hujaribu baridi, hutazama picha ya eksirei, na penye shaka hutia ganzi eneo moja baada ya jingine ili kuona ni wapi maumivu yanapokoma. Jino lililong'olewa kwa haraka halirudi, na maumivu hubaki palepale.

8. Mshipa unaoubana mshipa

Ugonjwa unaoonyesha udanganyifu huo kwa ukali zaidi ni ule ambao Nicolas André wa Ufaransa aliupa mwaka 1756 jina la "tic douloureux", na ambao John Fothergill aliueleza kwa makini London mwaka 1773. Maumivu huja kama radi: upande mmoja, katika tawi la pili au la tatu mara nyingi, kwa sekunde chache, kisha hukoma na kurudi. Huamshwa na mambo madogo kama vile kunawa uso, kutafuna, kusema, au upepo shavuni. Huwashika zaidi watu waliopita miaka 50. Kwa kuwa husikika jinoni, wagonjwa wengi wameng'olewa meno mazima, moja baada ya jingine, kabla ya ugonjwa kutambuliwa.

Walter Dandy, mpasuaji wa Marekani, alieleza mwaka 1934 kwamba mara nyingi aliikuta ateri imeikandamiza neva ya tano karibu na shina la ubongo. Baadaye, tangu miaka ya 1960, Peter Jannetta aliendeleza upasuaji wa kuitenga ateri na neva kwa kuweka kipande kidogo cha kitu laini kati yake. Na tangu mwaka 1962 imejulikana kwamba dawa ya karbamazepini, iliyo dawa ya kifafa, hutuliza maumivu hayo ambayo dawa za kawaida haziyagusi.

Sasa na ajaribu mtu kumweleza mgonjwa hayo kwa neno mshipa peke yake. Atasema: mshipa unaubana mshipa. Mgonjwa atauliza upi unaoubana upi, na kwa nini dawa ya kifafa inatolewa kwa ajili ya damu. Lakini akisema kwamba ateri, njia ya damu inayodunda, inagonga neva ndani ya kichwa, na neva ikigongwa hupiga kelele usoni na jinoni, mgonjwa ataelewa kwa nini kumng'oa jino jingine hakumfai kitu.

9. Ganzi isiyo na sindano

Maumivu hutafuta mganga, ganzi hunyamaza. Kwa hiyo yafaa itajwe mahususi. Mdomo wa chini au kidevu kikifa ganzi bila sindano wala jeraha, yaweza kuwa na maana kwamba kitu kinaibana neva katika njia yake, pengine usaha, pengine uvimbe ndani ya taya. Kwa mtoto wa Afrika ya kati jambo hilo, likifuatana na meno kulegea na taya kuvimba upesi, hukumbusha uvimbe ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa mtoto akiletwa mapema.

Mkanda wa jeshi, unaoitwa "zona" kwa Kifaransa, nao hufuata ramani ya neva hizi: malengelenge hujaza eneo la tawi moja na kusimama kwenye mstari wa katikati. Yakitokea kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini, kwa kuwa uzi uleule huhudumia vyote viwili. Jonathan Hutchinson alilionyesha jambo hilo katika karne ya 19.

Ukoma, ambao bado unaonekana Kongo, waweza kuzishika neva zote mbili. Neva ya saba ikidhoofika, jicho halifumbi. Neva ya tano ikidhoofika, jicho halihisi vumbi. Jicho lisilofumba na lisilohisi huharibika bila mwenyewe kujua.

10. Hitimisho

Yaliyoelezwa hapa yanaruhusu mapendekezo machache kwa wanaofundisha na wanaotafsiri. Neno mshipa libaki kuwa neno la kupokelea habari kutoka kwa mgonjwa, wala asichekwe kwa kulitumia. Katika kumjibu, neva, ateri, vena na kano zitajwe kwa majina yake, kila neno likifuatwa na kazi yake mara ya kwanza: neva inayohisi, neva inayosogeza, ateri inayodunda. Usemi "mshipa wa fahamu" utumike penye kuhisi tu. Matawi ya neva ya tano yaitwe kwa mahali pake, yaani la jicho, la taya la juu, la taya la chini, na ielezwe kila mara kwamba tawi la jicho si neva ya kuona.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2006, Kiswahili ni kimojawapo cha lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Cheo hicho kina maana katika chumba cha mganga wa meno pale ambapo mgonjwa, kabla ya kufumbua kinywa ili atibiwe, ameambiwa kwa lugha yake ni nini kinachouma, ni nini kitakachokatwa, na ni nini kisichoguswa.